Siku Baba Alipomsindikiza Mpelelezi wa Bima

Baba aligongwa na lori la simiti akiwa amesimama. Nasema amesimama kwa sababu katika kesi nzima hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuna aliyelipinga, hata kampuni yenye lori. Alikuwa ukingoni mwa lami, chini ya kwetu huku Githongo, akingoja pikapu ya kubeba avokado zake. Lori likapoteza breki kwenye mteremko, likaacha barabara pana yote iliyojengwa kwa ajili yake, likamfuata pale kwenye nyasi. Dereva alishuka akatokomea migombani. Utingo wake alibaki akiomba msamaha kwa kila mtu aliyefika, pamoja na mbuzi. Paja la kushoto la baba lilivunjika vibaya.

Nilikimbia hospitalini kutoka Meru mjini, ninakofundisha, nikiamini kwamba mtu wa kwanza kumwona majeruhi ni daktari. Huo ni ujinga wa mtu ambaye jamaa yake hajawahi kugongwa na gari la kampuni. Wa kwanza ni madalali wa kesi. Niliwakuta wawili, kila mmoja ameshika upande wake wa kitanda, mmoja na mkate, mwingine na pakiti ya maziwa, wote wakimwita baba "mzazi". Walijua namba ya lori, walijua bima yake, walijua mfupa uliovunjika kabla ya sisi kuonyeshwa picha ya eksirei. Mmoja alinieleza kwa huruma kubwa kwamba tusife moyo, kwa sababu paja hulipa vizuri kuliko mkono.

Baba alikuwa nusu usingizini kwa dawa. Alifumbua macho, akamshukuru yule dalali kwa kuja kumwona, kisha akanigeukia akaniuliza mbona mgeni amesimama, nimtafutie kiti. Kile kiti kilistahili kunifungua macho mapema, lakini nilikuwa na hasira za kufukuza madalali. Nikawafukuza. Mkate ulibaki, na mama akaula.

Wakili nilimtafuta mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye ofisi mtaa wa Majengo, juu ya bucha, na ukipanda ngazi zake unanusa mafuta ya mbuzi hadi mlangoni. Suti yake ilikuwa moja, na nadhani hasira zake zilikuwa nyingi kuliko wateja. Nilimpenda kwa sababu hakutuahidi kitu. Wenzake niliowaendea kabla yake waliniahidi mpaka nikaona aibu kwa niaba yao.

Miezi ikapita, ndipo tukaambiwa jambo lililotufunga mikono. Mfupa ulikuwa umeungana ukiwa umepinda. Daktari wa mifupa alisema paja lifunguliwe upya, chuma alichowekewa kitolewe, kiwekwe kingine, na kazi hiyo ifanywe katika hospitali kubwa. Bila hivyo baba angetembea kwa magongo maisha yake yote, na maumivu yangezidi. Tulipiga hesabu ya ng'ombe, ya kahawa, ya mshahara wangu, na haikufika popote. Ilibaki fidia. Tangu siku hiyo kesi na mguu vikawa kitu kimoja, na mama alipoomba jioni hakutaja korti, alitaja paja.

Wakili alipanda Githongo mwenyewe kumpa baba masharti. Alimwambia, "Mzee, kesi usiongee na mtu. Kazi ya shamba wachana nayo. Na magongo usitupe." Baba alitikisa kichwa kukubali kila sharti lilipotajwa, kama mtu anayesajili ng'ombe wa daraja la juu. Na aliyashika. Hata neno lenyewe alilipiga marufuku nyumbani, kesi ikawa inaitwa "ile kitu". Jirani zetu, ambao wote ni mawakili ila hawajapata nafasi ya kusoma, walikuja na mashauri yao. Huyu alisema baba ajifunze kuugua kwa sauti akiwa kizimbani. Yule alisema asinyoe ndevu. Mzee mmoja wa kanisa alijitolea kutuazima kiti cha magurudumu cha marehemu mama yake, kwa siku ya korti tu, kirudi jioni. Baba alikataa yote. Alisema yeye ni mgonjwa, si mwigizaji.

Sasa nieleze kuhusu baba na wageni, maana ndiko tulikoumizwa mara ya pili.

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Akiaga, unamsindikiza. Watu wengi siku hizi husindikiza hadi getini, wengine hupunga mkono wakiwa kwenye kochi huku wakitazama taarifa ya habari, lakini baba alilelewa na mtu aliyesindikiza wageni hadi ng'ambo ya mto, na yeye hakukubali kupunguza kipimo. Kipimo chake ni lami. Mgeni akifika kwetu awe askofu au fundi wa kunoa visu, baba humfikisha lami, husimama naye hadi apate gari, kisha hupunga mkono gari lipotee kwenye kona. Wakili alimkataza kesi, shamba na kutupa magongo. Hakuna aliyefikiria kumkataza adabu.

Ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa nimepanda nyumbani kumsaidia mama kuhamisha samadi. Akaja mwanamume mmoja nadhifu, wa umri wangu hivi, mwenye sauti ya upole. Alisema anatoka upande wa Embu, ana shamba dogo, na amesikia kwamba miche ya avokado ya mzee wa hapa haina mfano. Alisalimia vizuri. Alivua kofia. Alimsifu ng'ombe kabla ya kuonyeshwa ng'ombe. Mtu wa namna hiyo angeweza kutoka kwetu na shamba lenyewe.

Kabla mgeni hajaingia sebuleni, baba alimnong'oneza mama, "Ficha hizo magongo." Mama akayasukuma nyuma ya mlango. Kwa baba, mgeni akikukuta na ugonjwa hawezi kula vizuri, anakuonea huruma kila tonge, na huwezi kumpa mtu chai kisha ukampa na shida zako azinywe. Basi alikaa kitini amevaa koti lake la ibada, mguu umenyooshwa kama wa mtu anayepumzika tu, wakazungumza. Walizungumza mvua, wakazungumza wadudu, wakazungumza bei ya mbolea, na baba hakugusa kesi hata kwa kidole. Alikuwa anatii wakili. Kuku alichinjwa. Mgeni alikula akaongezwa, akasema hajawahi kula chapati kama zile, na mama, ambaye hasifiwi mara kwa mara, alimfungia nyingine mbili za njiani.

Kisha mgeni akaaga. Mama alimtazama baba. Nilimtazama baba. Baba aliinuka, na sijui aliinukaje, maana asubuhi ile nilikuwa nimemshika mabega kumpeleka chooni. Akashika njia ya kahawa kuteremka.

Niliwafuata kwa mbali. Mgeni alitembea taratibu, mwenye heshima, akiuliza habari za kila mti. Katikati ya kahawa alitoa simu akasema mzee amependeza sana na angetaka picha ya ukumbusho. Baba akanyoosha koti. Mgeni akamwomba atangulie kidogo ili shamba lionekane vizuri, akampiga picha akitembea. Akamwomba ageuke arudi, akampiga akirudi. Baba alifurahi kiasi cha kumwomba amtumie zile picha. Naye hakuwa mtu wa kusahau, alizituma, kupitia kwa mawakili.

Walifika lami. Gari lake lilikuwa limeegeshwa mbele kidogo, safi, na bado sikushtuka, ingawa mkulima gani wa avokado ana gari lisilo na tope. Baba alipunga mkono hadi kona ikalimeza. Halafu akateremka kwenye nyasi, karibu na pale pale lori lilipomkuta, akalala ubavu.

Sikuweza kumbeba. Baba ni mtu mkubwa hata baada ya ugonjwa. Nilikimbia nyumbani nikachukua kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa wilbaro ya samadi. Nilitandika gunia. Alikataa, akasema atapumzika kisha apande. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Mwishowe aliingia akaniamuru nipitie njia ya chini, ya nyuma ya kanisa, ili majirani wasimwone. Nami nikapita huko. Siku ya Jumamosi, nyuma ya kanisa, kuna mazoezi ya kwaya.

Walikuwa wote, sauti zote nne, wamesimama nje kwa ajili ya hewa. Wimbo ulikatika katikati. Nilisukuma mbele yao wilbaro yenye gurudumu linalolia, ndani yake baba yangu amevaa koti la ibada, magoti juu, uso kafunika kwa kofia. Kisha mwalimu wa kwaya, Mungu ambariki kwa ujinga wake mwema, akawaambia wainamishe vichwa waombe, na kwaya nzima ikafumba macho hadi tulipopita. Nyumbani mama alitukusanya akasema siku hiyo haikuwepo. Jirani hawakuuliza. Kwaya haikusema. Kijiji ambacho kinajua nani amekula nini na wapi kilishindwa ghafla kujua jambo moja tu.

Wakili wangu alinipigia simu wiki kadhaa baadaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini. Aliniuliza kama baba ana pacha. Kisha akaniita ofisini akanionyesha picha alizoletewa na upande wa pili. Baba katikati ya kahawa, wima, bila magongo, anatabasamu. Baba anakwenda. Baba anarudi. Yule mgeni wetu alikuwa mpelelezi wa kampuni ya bima, na taarifa yake ilisema mlalamikaji ana afya njema, anatembea umbali mrefu kwenye mteremko, na ni mchangamfu. Chapati hazikutajwa.

Nilitukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikamalizia kwa Kimeru, na wakili akangoja nimalize. Aliposikia habari ya wilbaro alisimama akafunga mlango. Akasema hiyo ndiyo kesi yetu, hatuna nyingine. Picha zinaonyesha mtu aliyekwenda. Hakimu akisikia alivyorudi, zitageuka kuwa ushahidi wetu. Akataka kuita kwaya mahakamani, akianza na wenye sauti nyembamba. Akataka kuniita mimi.

Baba alikataa. Kwaya ilipoulizwa ilisema itasema mzee akiruhusu, na mzee hakuruhusu. Mimi aliniambia wazi kwamba nikisimama mbele ya watu nitaje wilbaro, nisirudi kulala kwake. Nilimkumbusha kwamba mguu wake ndio uliokuwa mezani. Akaniambia mguu ni wake. Nilirudi mjini nikilia kwa hasira, hasira ya kumpenda mtu na kutamani kumtikisa kwa wakati mmoja. Wakili alisema basi, imebaki yeye mwenyewe, na yeye akinyamaza tusahau upasuaji.

Siku ya kusikizwa, kampuni ilileta wakili kutoka Nairobi, mwanamke mwenye viatu vizuri na sauti ya kubembeleza. Mpelelezi alikaa benchi la pili akichezea simu. Alipomwona baba aliinua mkono kidogo akamsalimu, na baba, nashuhudia hili kwa macho yangu, akamrudishia.

Yule wakili wa Nairobi alimpa baba zile picha mkononi.

"Mzee, huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na magongo yako wapi hapa?"

"Nyuma ya mlango."

"Kwa nini yalikuwa nyuma ya mlango?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali. "Kulikuwa na mgeni," akasema.

Mwanamke yule aliona hilo linatosha. Aliketi akapanga karatasi zake vizuri, na kwa sheria za Nairobi nadhani alikuwa ameshinda.

Wakili wetu akasimama na ile suti yake. Alimuuliza swali moja. Gari la mgeni lilipoondoka, mzee alirudi nyumbani namna gani?

Mkalimani alirudia kwa Kimeru, ingawa baba alikuwa amesikia. Baba alimtazama mpelelezi. Alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu, maana niliogopa macho yangu yangemlazimisha au yangemkataza. Mwishowe alisema hilo si swali la kuuliza mtu mzima.

Hakimu alikuwa mama wa makamo ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua kichwa sana. Akakiinua.

"Mzee," akasema, "hapa hakuna mgeni. Huyo kijana yuko kazini. Mimi niko kazini. Wewe peke yako ndio umeumia. Jibu."

Baba akavua kofia akaiweka mbele yake.

"Nilibebwa na wilbaro," akasema. "Ile ya samadi. Msichana wangu ndiye alisukuma. Nilikuwa nimejikojolea kwa uchungu, na watu wa kwaya walikuwa wanaona."

Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia wakili. Sikuwa nimemwambia hata mama. Nilifua koti lile mwenyewe na tukaliacha hapo, mimi na baba, bila kulizungumza. Mkalimani alichukua muda kabla ya kulitafsiri. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaacha. Nilimwona mpelelezi akiweka simu mfukoni. Nami nililia waziwazi, sikujali.

Hukumu ilisomwa baada ya msimu mmoja wa mvua. Hakimu alisema picha za kampuni ni za kweli, ila ni za kwenda tu, na mahakama ilikuwa na haki ya kujua habari za kurudi. Akatoa fidia ya upasuaji na ya maumivu. Wakili wetu alitutahadharisha kwamba wanaweza kukata rufaa, lakini akadhani hawatapenda wilbaro isikike na majaji wengine. Alikuwa sahihi. Paja la baba lilifunguliwa upya, na leo anatembea kwa fimbo moja, akilalamikia fimbo.

Siku hiyo ya hukumu tulikaa kwenye benchi la ukumbini, tukingoja mama amalize kumshukuru kila mtu, akiwemo askari wa mlangoni. Mpelelezi alikuwepo, alikuwa na kesi nyingine, maana korti kwake ni kama sokoni. Alikuja akasimama mbele yetu. Alimpa baba mkono, akasema poleni, akasema ilikuwa kazi tu, hakuwa na ubaya na mzee, na kwamba chapati zile hatazisahau. Nilikuwa na la kumwambia, refu, nililokuwa nimelipanga kwa miezi. Baba alinigusa goti ninyamaze.

"Haya," mpelelezi akasema. "Basi mimi nimeenda."

Mkono wa baba ulishuka chini ya benchi kutafuta magongo. Nilijua haukuwa umeamua, ulikuwa umezoea tu. Ukayapata, ukayashika, ukakaa nayo hivyo kwa muda. Kisha ukayalaza tena sakafuni, polepole, yasipige kelele.

"Nenda salama," baba akamwambia. "Leo jisindikize."

Yule mtu alishuka ukumbi ule mrefu peke yake. Aligeuka mara mbili kutazama nyuma. Baba alikuwa ameketi, ametazama ukutani, na alikuwa na aibu kubwa kuliko ile ya kizimbani.